Kich'ol, Kichontal au Kich'orti': uanze na lugha ipi ya Kimaya?

Mtu akishasoma kidogo habari za Wamaya wa kale, wale wa miji ya Palenque, Tikal na Copán huko Meksiko, Guatemala na Honduras, humjia swali ambalo vitabu vingi vya utangulizi hulipita haraka: maneno yaliyochongwa kwenye mawe yale yalikuwa ya lugha gani, na je, lugha hiyo ingali inasemwa ili mtu aweze kujifunza? Jibu fupi ni kwamba ilikuwa lugha ya tawi la Kich'olan, kwamba hakuna anayeisema leo kama ilivyokuwa, na kwamba vizazi vyake vipo. Tawi hilo lina lugha nne. Upande wa magharibi, nchini Meksiko, kuna Kich'ol cha jimbo la Chiapas na Kichontal cha jimbo la Tabasco. Upande wa mashariki kuna Kich'orti', kinachosemwa Guatemala, na Kich'olti', ambacho kilikufa katika karne ya 18. Nitazilinganisha nne hizo, kisha nizipime na jamaa zake wa karibu, kwa ajili ya msomaji anayetaka kuchagua moja ya kuanzia. Kwa walio wengi napendekeza Kich'ol, ingawa najua kwamba wengi huvutwa na Kich'orti', na sababu inayowavuta ni nzuri kuliko inavyoonekana mara ya kwanza.

Kwanza niondoe kikwazo cha macho. Alama ya mkato katika majina haya haifanyi kazi ile inayofanya katika neno ng'ombe. Ikifuata konsonanti kama k, t au ch, huonyesha kwamba koo linafungwa wakati sauti inatamkwa, kisha sauti inaachiwa kwa mlio mkavu, na tofauti hiyo hubadili maana: katika Kitzotzil kok ni mguu wangu, na k'ok' ni moto. Msemaji wa Kiswahili atahitaji majuma kadhaa kuzoea sauti hizo. Kwa b' hali ni nyingine. Herufi hiyo huwatoa jasho wageni kutoka Ulaya, kwa kuwa hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, lakini mzawa wa pwani yetu huitamka b ya baba na ya bibi karibu hivyo hivyo, bila kujua kwamba anafanya jambo la ajabu.

Ushahidi wa chan

Familia nzima ya Kimaya ina lugha zipatazo 30, na wataalamu hukadiria kwamba lugha mama yao ilianza kugawanyika zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ndani ya familia hiyo, ndugu wa karibu kabisa wa Kich'olan ni Kitzeltal na Kitzotzil vya nyanda za juu za Chiapas. Pande hizo mbili zilishiriki badiliko moja kubwa, yaani k ya zamani kugeuka kuwa ch, kwa namna ambayo msomaji wetu anaifahamu akikumbuka jinsi mchele wa Unguja unavyokuwa mtele Lamu. Kimaya cha rasi ya Yucatán hakikupitia badiliko hilo. Kwa hiyo Yucatán nyoka ni kaan, mbingu ni ka'an na nne ni kan, ilhali katika Kich'olan cha kale maneno yote matatu yalikuwa chan au yalikaribia sana chan.

Jambo hili linaonekana kwenye mawe yenyewe. Mchongaji aliyetaka kuandika mbingu aliweza kuweka kichwa cha nyoka, na aliyetaka kuandika nyoka aliweza kuweka alama ya mbingu au hata ya nne, kwa sababu msomaji wake angetamka chan vyovyote vile. Hata hivyo mchezo huo peke yake hauthibitishi kwamba lugha ilikuwa Kich'olan, kwa maana msemaji wa Yucatán angeweza kuucheza vilevile kwa kan. Kinachothibitisha ni silabi ndogo zinazoandikwa pembeni kuongoza matamshi, pamoja na irabu. Kich'olan kiligeuza e ndefu ya zamani kuwa i na o ndefu kuwa u, na ndugu zake wa nyanda za juu hawakufanya hivyo: njia ni bij katika Kich'ol lakini ni be katika Kitzeltal, na jiwe ni tun katika Kich'orti' lakini ni ton katika Kitzotzil. Maandishi ya kale yanafuata upande wa bij na tun. Kuna vighairi, na kilicho maarufu kuliko vyote ni jina la ukoo wa kifalme wa mji wa Calakmul, Kaanu'l, ambalo waandishi walilielekeza waziwazi litamkwe kwa k. Nadhani kighairi hicho kinafundisha zaidi kuliko kanuni, kwa kuwa kinaonyesha kwamba waandishi wa Kich'olan waliishi karibu na wasemaji wa lugha nyingine na walijua kuwaandika.

Kich'olan gani hasa? Mwaka 2000 Stephen Houston, John Robertson na David Stuart walitoa hoja, iliyojadiliwa sana tangu hapo, kwamba lugha ya mawe ilikuwa ya upande wa mashariki, yaani ya ukoo wa Kich'olti' na Kich'orti', na kwamba ilibaki kuwa lugha ya heshima hata katika miji ambayo watu wake walisema kitu kingine nyumbani. Wengine wamepinga, wakiona kwamba lugha hiyo ni ya zamani kiasi cha kutangulia mgawanyiko wa mashariki na magharibi, au kwamba maandishi ya magharibi yana dalili za lugha ya huko. Hoja ya mwaka 2000 ndiyo iliyowasukuma wanafunzi wengi kwenye Kich'orti'.

Kich'ol

Wasemaji wa Kich'ol walizidi 250,000 katika sensa ya Meksiko ya mwaka 2020, na wengi wao wako kaskazini mwa Chiapas, katika Tila, Tumbalá, Salto de Agua, Sabanilla na Palenque. Wenyewe huiita lak ty'añ, yaani lugha yetu. Ni lugha ambayo watoto vijijini bado wanakua nayo, na hilo kwangu lina uzito kuliko hoja zote za ukale, kwa sababu mwanafunzi wa lugha anahitaji watu wanaogombana, wanaotaniana na wanaouziana mahindi kwa lugha hiyo.

Imehifadhi irabu sita za Kich'olan cha kale, pamoja na ile inayoandikwa ä, inayotamkwa katikati ya kinywa na isiyo na mfano katika Kiswahili sanifu. Ina pia viainishi vya hesabu ambavyo vitamfurahisha mtu aliyelelewa na ngeli. Kwetu sisi namba hufuata ngeli ya nomino: watu watatu, vitu vitatu, miti mitatu. Katika Kich'ol nomino haina ngeli, lakini namba haisimami bila kiambishi kinachoeleza kinachohesabiwa ni cha aina gani. Tatu ya watu ni uxtyikil, tatu ya wanyama ni uxkojty, na tatu ya vitu vingi vya kawaida ni uxp'ej. Viainishi vingine vinahusu umbo la kitu au namna kilivyoshikwa, na orodha yake ni ndefu.

Penye ugumu wa kweli ni alama za nafsi kwenye kitenzi, na hapa ndipo lugha za tawi hili zinapotofautiana kiasi cha kumsaidia mtu kuchagua. Kiswahili kina ni- ya mtenda katika nililala na -ni- ya mtendwa katika ulinitazama, na nafasi ndiyo inayozitenganisha. Kich'ol kina seti mbili za alama zisizofanana. Chukua tyi wäyiyoñ, nililala, na tyi ak'eleyoñ, ulinitazama. Sehemu -yoñ ni mimi katika sentensi zote mbili: mimi niliyelala natajwa kama mimi niliyetazamwa, wala si kama mtu anayetazama. Huo ndio mpangilio ambao wanaisimu huuita ergativu. Sasa geuza tendo liwe halijakamilika: mi kwäyel, nalala, na mi ak'eloñ, unanitazama. Ghafla mimi ninayelala natajwa kwa k-, alama ya seti ileile ya watenda iliyo na a- ya wewe unayetazama. Kwa hiyo lugha hii ni ya ergativu tendo likikamilika, na tendo likiwa halijakamilika hupanga nafsi kwa namna inayotukaribia sisi. Anayeelewa mistari hii minne ameshavuka mlango mgumu kuliko yote.

Vifaa vya kujifunzia vipo. Kamusi ya Aulie na Aulie ya mwaka 1978 inahusu zaidi lahaja ya Tumbalá, na mwaka 2011 Juan Jesús Vázquez Álvarez, ambaye ni Mch'ol, alimaliza tasnifu yake ya sarufi kamili ya lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin. Sarufi iliyoandikwa na mwenye lugha ina faida ambayo mgeni haioni mara moja, kwani mifano yake haina ule uchovu wa sentensi zilizotafsiriwa kwa ombi la mtafiti.

Kichontal

Kichontal kina wasemaji karibu 60,000 kwa sensa hiyo ya 2020, katika Nacajuca, Centla, Macuspana na sehemu nyingine za nchi tambarare ya mito na mabwawa ya Tabasco. Wenyewe huiita yokot'an, lugha ya kweli. Kwa sarufi iko karibu na Kich'ol, irabu zake ni sita vilevile, na mgawanyiko wa alama za nafsi niliouonyesha juu unapatikana humo pia. Mtu aliyejifunza Kich'ol atafuata mengi, ingawa Kihispania kimeingia kwa kina zaidi hapa na vijana wengi wameshakihamia.

Jambo moja laweza kumfanya mtu akichague mbele ya Kich'ol, nalo ni historia. Wachontal walikuwa wafanyabiashara wa mitumbwi waliozunguka pwani ya rasi ya Yucatán. Ni kwao, Tabasco, ambako mwaka 1519 Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania waliovamia Meksiko, alipewa mwanamke aliyeitwa Malintzin, aliyekuja kuwa mkalimani wake kwa kuwa alijua Kinahuatl pamoja na lugha ya Kimaya. Na ni katika nchi yao ya Acalan ambako mwaka 1525 Cortés alimuua Cuauhtémoc, mtawala wa mwisho wa Waazteki. Hati za ukoo wa Paxbolón za mwaka 1612, zilizohifadhiwa Seville, zinasimulia kisa hicho kwa Kichontal. Wahispania waliandika kwamba Cuauhtémoc alinyongwa. Hati ya Acalan inasema alikatwa kichwa na kichwa kikatundikwa kwenye mti wa msufi. Nyaraka ndefu za kikoloni katika lugha za Kich'olan ni chache mno, na hii ndiyo inayosomeka kama hadithi. Anayetaka historia iliyosimuliwa na Wamaya wa nchi ya chini wenyewe hatapata nyingine ya kuilinganisha nayo katika tawi hili.

Kich'orti' na marehemu ndugu yake

Kich'orti' kinasemwa katika milima mikavu ya Chiquimula, hasa Jocotán, Camotán na Olopa. Magofu ya Copán, ng'ambo ya mpaka wa Honduras, hayako mbali na hapo, ingawa upande wa Honduras lugha yenyewe imekaribia kutoweka. Katika sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 watu waliojitambulisha kuwa Wach'orti' walizidi 100,000, lakini wanaoisema lugha ni sehemu ndogo tu ya hao.

Wanaokuja kwa ajili ya hieroglifi, yaani yale maandishi ya kwenye mawe, hushangaa kwamba jamaa anayedaiwa kuwa wa karibu zaidi na mawe amebadilika sana. Irabu ya sita imepotea na kumezwa na a. Sauti ya l imekuwa r katika maneno mengi, na jina lenyewe linaonyesha: Kich'olti' kina l mahali ambapo Kich'orti' kina r. Kitenzi nacho kimejitengenezea seti ya tatu ya alama za nafsi, inayotumika tu kwa vitenzi visivyo na mtendwa tendo linapokuwa halijakamilika. Nililala ni wayanen, lakini nalala ni inwayan, na in- hiyo haitoki katika seti yoyote kati ya mbili zinazopatikana Kich'ol. Kwa mwanaisimu huu ni utajiri. Kwa anayeanza ni mzigo wa ziada. Kwa upande mwingine, msamiati wa mila, mvua, magonjwa na miungu uliokusanywa kwa wazee wa Kich'orti' umewasaidia wasomaji wa mawe mara nyingi, na tangu mwaka 2016 kuna kamusi kubwa ya Kerry Hull inayofanya utafutaji wa maneno hayo uwe kazi ya dakika.

Kich'olti' hakina mtu wa kukufundisha. Tunachokijua kimetoka karibu chote katika hati moja ya mkono ya sarufi na msamiati inayohusishwa na padri Francisco Morán, iliyonakiliwa mwishoni mwa karne ya 17 na ambayo leo iko Philadelphia. Wasemaji wake waliishi katika misitu ya chini, kutoka sehemu ambayo sasa ni kusini mwa Belize hadi ndani ya Chiapas, na Wahispania waliwahamisha kwa nguvu kuelekea nyanda za juu, ambako lugha ilimezwa. Baadhi ya ardhi waliyoiacha ilikuja kukaliwa na wasemaji wa Kiq'eqchi', lugha nyingine ya Kimaya. Kuna wanaoona kwamba Kich'olti' ndicho mzazi wa Kich'orti', na wengine, kama Terrence Kaufman na William Norman katika kazi yao ya mwaka 1984, waliziweka kama ndugu wawili. Kwa msomaji wa mawe tofauti hiyo ni kubwa, maana ikiwa ni mzazi, basi hati moja ya padri inatupeleka nyuma moja kwa moja. Naishauri hati hii kama kitabu cha pili au cha tatu, baada ya kuwa na lugha hai kichwani, kwa kuwa tahajia za mapadri wa wakati ule haziaminiki katika sauti za kufunga koo.

Majina yanayopotosha

Hapa nina maumivu binafsi. Niliwahi kuagiza kwa bei isiyo ndogo sarufi ya Kichontal kutoka kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, na kilichofika kilikuwa cha Kichontal cha Oaxaca, lugha isiyo na uhusiano wowote na Kimaya. Neno Chontal lilitoka katika Kinahuatl, na maana yake ni mgeni tu, kwa hiyo liliweza kubandikwa mtu yeyote. Ukinunua, hakikisha jina la Tabasco limeandikwa kwenye jalada.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu umo ndani ya familia. Hati za kikoloni zinapowataja Wachol wa Manche au Walakandoni wa karne ya 17, mara nyingi watu hao walikuwa wasemaji wa Kich'olti', si wa Kich'ol cha leo. Na Walakandoni wa leo, wanaoishi katika msitu uleule wa Chiapas, wanasema lugha ya tawi la Yucatán. Makala nyingi za mtandaoni huwachanganya wote.

Binamu: lini uwachague wao

Kitzeltal kina wasemaji karibu 590,000 na Kitzotzil karibu 550,000, na kwa wingi wa vifaa hakuna lugha ya Kich'olan inayozifikia. Kamusi ya Robert Laughlin ya Kitzotzil cha Zinacantán, ya mwaka 1975, ina maingizo yapatayo 30,000. Mji wa San Cristóbal de las Casas, unaozungukwa na wasemaji wa lugha hizo mbili, umezoea wanafunzi wageni. Kwa kuongezea, alama za nafsi hazigawanyiki kama za Kich'ol: chibat ni naenda na libat ni nilikwenda, na i ya mimi ni ileile katika yote mawili. Kama shabaha yako ni kuzungumza, kufanya kazi Chiapas au kufuatilia siasa za jimbo hilo tangu uasi wa Wazapatista wa mwaka 1994, chagua mojawapo ya hizi bila kusita.

Kimaya cha Yucatán, chenye wasemaji wapatao 775,000, kiko mbali zaidi kwa ukoo lakini kiliazimana sana na Kich'olan kwa karne nyingi. Kina toni na irabu ndefu, mambo ambayo Kich'ol hakina. Anayevutiwa na vile vitabu vichache vya hieroglifi vilivyookoka moto wa Wahispania, kama kile cha Dresden, atakihitaji. Kik'iche' na Kiq'eqchi' vya Guatemala ni lugha kubwa zenye fasihi na shule, ila kwa mtu aliyeanzia kwenye swali la mawe ziko mbali na njia yake.

Vyovyote utakavyochagua, jifunze Kihispania kwanza au sambamba. Walimu, kamusi na vitabu vya shule vya lugha zote hizi hupitia huko, na kwa Kich'orti' na Kichontal huwezi kupiga hatua bila Kihispania.

Na ukichagua Kich'ol, kuna uchaguzi mmoja mdogo uliobaki ambao ni bora ukaufanya mapema. Lahaja ya Tila huanza tendo lililokamilika kwa tyi, na linaloendelea kwa choñkol. Tumbalá husema tsa' na woli. Wasemaji wa pande hizo mbili huelewana, lakini mwanafunzi anayesoma sarufi ya Tila huku akitafuta maneno katika kamusi ya Tumbalá atadhani kwa miezi kadhaa kwamba kuna lugha mbili. Muulize mwalimu wako alizaliwa wapi, na ufuate kwao.